Mwinyi na Mkapa, tunawalinganisha vibaya

Kila nikifundisha siasa za Tanzania baada ya Mwalimu Nyerere swali ni lilelile, nani alikuwa bora, Mzee Mwinyi, rais wa pili, au Mzee Mkapa, rais wa tatu, na darasa linagawanyika hapohapo. Mwinyi, yule Mzee Ruksa aliyeruhusu biashara, alijaza maduka, Mkapa akabana kodi, basi imeisha. Jamani haijaisha.

Mwinyi alikuwa mwalimu, kazaliwa Pwani kakulia Zanzibar, akafika kuwa mkuu wa chuo cha ualimu hukohuko. Mkapa ni wa Lupaso, Masasi, kasoma Kiingereza Makerere, akawa mhariri wa magazeti ya chama na serikali, baadae waziri wa mambo ya nje. Hata ukisikiliza hotuba zao unajua, mmoja anaongea taratibu kama anasimulia, mwingine anapanga hoja kama tahariri.

Sasa hiyo ruksa. Wazazi wetu wanakumbuka foleni za sukari na sabuni, unaweka jiwe likushikie nafasi unaenda kwingine unarudi. Ila mlango ulianza kufunguka kwenye bajeti ya 1984, Mwinyi hajaingia Ikulu bado, pale mwenye pesa zake nje aliporuhusiwa kuingiza bidhaa. Kazi ngumu ya Mwinyi mimi naiona kwingine, 1986 alikubaliana na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, watu ambao Mwalimu alivutana nao miaka, na Mwalimu huyohuyo bado ndo mwenyekiti wa chama mpaka 1990, yaani unabadilisha sera ya mkubwa wako akiwa amekaa mbele yako kwenye kikao! Ule upole wake watu waliudhania udhaifu na si kweli.

Gharama yake ilikuja mwishoni, misamaha ya kodi ikazidi, 1994 wafadhili wakasimamisha misaada, na Mkapa 1995 akakabidhiwa nchi ikiwa hivyo. Ndo maana akaanza na Tume ya Warioba kuhusu rushwa, TRA, mamlaka ya kukusanya kodi, ikaanza kazi Julai 1996, 2001 tukapata msamaha mkubwa wa madeni ya nje na ada ya shule ya msingi ikafutwa. Sasa utampimaje Mkapa bila kujua alipokea nini?

Kinachoniuma zaidi ni mada ya kuwajibika, maana hii haiulizwi kabisa. Mwinyi akiwa waziri wa mambo ya ndani, watuhumiwa walikufa mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga. Yeye hakumgusa mtu, pengine hata hakujua, lakini 1977 akaandika barua akaachia ngazi. Baadae akapelekwa ubalozi Misri, na 1984 akawa Rais wa Zanzibar.

Mkapa yalimkuta Januari 2001, waandamanaji zaidi ya 20 waliuawa na vyombo vya dola Zanzibar, wengi wao Pemba, watu wakapanda mashua na watoto usiku kukimbilia Shimoni, Kenya, na ilikuwa mara ya kwanza nchi yetu kutoa wakimbizi, sisi tuliozoea kuwapokea. Mwaka huohuo CCM, chama tawala, na CUF ya upinzani wakasaini muafaka, na baadae tume ikaundwa kuchunguza, ila yeye alibaki kitini. Kwenye kitabu cha maisha yake cha 2019, mwaka mmoja kabla hajafariki, alikiri kwamba lile ni doa kwenye uongozi wake. Namheshimu kwa kukiri. Ila barua ya Mwinyi iliandikwa cheo kikiwa bado mkononi.