Je, wajua kwa nini Dorothy Fontana alijiita D.C.?

Mtazamaji wa miaka ya 1960 wa Star Trek, tamthilia ya runinga ya Marekani kuhusu safari za anga za juu, aliyeona jina la mwandishi "D.C. Fontana" hakuweza kujua kama ni mwanamume au mwanamke. Dorothy Catherine Fontana, mzaliwa wa New Jersey, Marekani, mwaka 1939, alitaka iwe hivyo.

Alianza kama sekretari, mpiga taipu wa kazi za wengine. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake. Akiwa na miaka 21 aliuza hadithi yake ya kwanza kwa tamthilia ya kikauboi ambayo bosi wake, Samuel Peeples, alikuwa mmoja wa waandishi wake. Lakini mswada wa farasi na bunduki wenye jina la kike ulikuwa hatarini kuhukumiwa kabla haujasomwa, hivyo akabakiza herufi mbili.

Gene Roddenberry, muasisi wa Star Trek, alimpa mtihani: kuna mswada umekwama, ukiunyoosha utakuwa mhariri wa hadithi. Humo, aliyependa alikuwa Sulu, mshika usukani wa chombo. Fontana akaona tatizo liko hapo hapo. Sulu akipenda, nani atashtuka? Akayahamishia mapenzi kwa Spock, mtu nusu binadamu aliyelelewa kuzizima hisia zake, na ghafla kila neno likawa na uchungu. Kazi akaipata, akiwa na miaka 27.

Katika mswada huohuo Spock anataja kwa kupita tu kwamba mama yake alikuwa mwalimu na baba yake balozi. Mwaka 1967 Fontana alikuza sentensi hiyo ikawa kipindi kizima, "Journey to Babel": baba na mwana ambao kwa miaka 18 hawajazungumza kama baba na mwana, kwa sababu kijana alichagua kazi nyingine. Nyota na sayari zipo, ila kinachokukamata ni ule ukimya wa nyumbani. Kwangu mimi, huo ndio ufundi wa bunilizi ya kisayansi.

Baadaye aliacha uhariri, akaandika kama mwandishi wa kujitegemea. Alibuni hadithi ya Joanna, binti wa McCoy, daktari wa chombo. Watayarishaji wakamwondoa binti huyo, wakamweka mpenzi wa zamani wa Chekov, ofisa kijana wa chombo. Kipindi kiliporushwa mwaka 1969, hata zile herufi mbili Fontana alikuwa amezitoa. Jina la bandia lililosomeka ni Michael Richards.