Barua ya Mfalme Leopold kwa wamisionari ni feki, ila usishangilie mapema

Ile barua unaijua hata kama hukumbuki nani alikutumia. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, 1883, anawaambia wamisionari wanaokwenda Kongo kwamba hawa watu Mungu wanamjua tayari, nyie kawafundisheni kupenda umaskini ili mali zilizoko ardhini tuzichukue sisi. Chini yake kuna stori ya Mkongo aliyenunua Biblia ya mtumba kutoka kwa padri wa Kibelgiji akaikuta humo ndani, padri kasahau. Watu wanakasirika, wanaforwadi, inaenda.

Ni feki. We angalia mwaka tu. 1883 Stanley, mvumbuzi aliyetumwa na Leopold, bado yuko mto Kongo anawasainisha machifu mikataba, dola ya Leopold ilikuja kutambuliwa 1885, na hata hapo haikuwa koloni la Ubelgiji, ilikuwa mali yake binafsi mpaka 1908, na yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga Kongo. Halafu hao wamisionari Wabelgiji anaowahutubia wametoka wapi? Mapadri wa Scheut, shirika la wamisionari Wakatoliki wa Ubelgiji ambao ndio aliwabembeleza waende, walifika 1888. Kabla yao waliokuwepo zaidi ni Waprotestanti Waingereza na mapadri Wafaransa, watu ambao Leopold hakuwa na ubavu wa kuwapangia mahubiri.

Sasa kuna wale wakishasikia feki wanarukia ng'ambo ya pili, aa kumbe kanisa lilisingiziwa. Hapo ndipo pananikera zaidi maana mkataba wa Mei 1906 kati ya Vatikani na dola ya Leopold upo, wala haukuokotwa kwenye Biblia ya mtu: kila misheni inapewa ardhi hekta 100 mpaka 200, bure, ya kudumu, na yenyewe inafungua shule ambazo masomo yake yanapelekwa kwa Gavana Mkuu ayaone. Ardhi ya nani? Hakuulizwa mtu. Na hiyo ni 1906, habari za watu kukatwa mikono kwa sababu ya mpira, ule utomvu wa msituni waliolazimishwa kuukusanya, zimeshazagaa Ulaya nzima. Huko nyuma, tangu miaka ya 1890, serikali ilikuwa inakusanya watoto inawaita yatima, wengine uyatima wenyewe wameupata kwenye uvamizi wa jeshi lake hilohilo, wanapelekwa kwenye makambi ya shule kama ya Boma, mengine chini ya mapadri, na wavulana wengi wakitoka hapo ni jeshini. Ubelgiji ilipochukua nchi shule zikabaki kwa misheni, ndio maana 1960 Kongo inapata uhuru ina mapadri wazawa kwa mamia lakini waliomaliza chuo kikuu hawafiki 30.

Ila kusema wamisionari wote walikuwa kitu kimoja na mfalme nako ni uongo. William Sheppard, Mmarekani mweusi wa kanisa la Presbiteri, 1899 aliingia kambi ya wavamizi waliotumwa na dola ya Leopold kule Kasai, kusini mwa Kongo, akakuta mikono inakaushwa juu ya moto, akaihesabu, 81, yote ya kulia. Akaandika. Baadaye kampuni ya mpira ya Kasai ikampeleka mahakamani kwa kuichafulia jina na 1909 akashinda. Alice Seeley Harris, Mwingereza, ndiye aliyepiga ile picha ya 1904 ya baba anaitwa Nsala kakaa barazani anatazama mkono na mguu wa bintiye wa miaka mitano, vimewekwa mbele yake chini, ndivyo vilivyobaki baada ya walinzi wa kampuni kumuua mtoto kwa vile kijiji hakikutimiza mpira waliopangiwa. Picha hiyo ilizungushwa kwenye kumbi za Uingereza na Marekani na ilimchoma Leopold kuliko ripoti nyingi. Lakini hao hao Waprotestanti wengi wao walinyamaza miaka mingi kwanza, na 1903 Wabaptisti Waingereza walimpelekea ujumbe wa shukrani, jamani, shukrani.

Nyingine fupi: eti Ukristo Kongo ulikuja na hawa wakoloni. Mfalme wa ule ufalme wa kale wa Kongo, Nzinga a Nkuwu, alibatizwa 1491. Mwanawe Afonso 1526 alimwandikia mfalme wa Ureno kumlalamikia kwamba wafanyabiashara wanawakamata watu wake kama watumwa mpaka ndugu zake, na barua hiyo ni ya kweli, sijui kwa nini hiyo haiforwadiwi.

Na aliyewatisha Wabelgiji kabisa ni Mkristo, Simon Kimbangu, mfuasi wa Wabaptisti. Aprili 1921 alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa kijijini kwake Nkamba, watu wakaacha kazi mashambani na hospitalini kumfuata, wamisionari Wakatoliki ndio waliokuwa mbele kuisukuma serikali imkamate. Septemba alikuwa ndani. Mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo, Mfalme Albert akaibadilisha kuwa maisha, akafia gerezani Élisabethville, Lubumbashi ya leo, Oktoba 1951. Kanisa lake lilikuja kuruhusiwa rasmi Desemba 1959, miezi sita kabla ya uhuru.