Gumba na Shahada: Kucharaza Gitaa Kavu (Lisilo la Umeme) kwa Vidole Viwili

Mwanafunzi akija kwangu mara ya kwanza na gitaa lake, namwomba anipigie chochote anachokijua. Wengi hukwangua nyuzi zote sita kwa mkupuo, juu chini, juu chini. Namwacha amalize, kisha namwekea "Masanga", wimbo wa gitaa wa Mwenda wa Bayeke wa Kongo. Swali huwa lile lile kila mara: hapo wanapiga watu wangapi? Anapiga mtu mmoja, na mkono wake wa kulia unatumia vidole viwili tu, gumba na shahada.

Mwenda, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Jean-Bosco, alirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 huko Jadotville, mji wa Katanga, kusini mwa Kongo, ambao leo unaitwa Likasi. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Sahani zake za santuri zilisafiri kuliko yeye, na miaka michache baadaye naye akafuata: alikuja Nairobi, akarekodi, akatangaza vidonge vya Aspro. Édouard Masengo, wa huko huko Katanga, alikuja pia. Kwa kuwa waliimba Kiswahili, huku hatukuhitaji mkalimani. Vijana wa magharibi ya Kenya walikuwa tayari na magitaa mikononi, na George Mukabi wa Kisa akaupa upigaji wa vidole viwili sura ya Kiluhya iliyoitwa omutibo, huku mwenzake akigongagonga chupa ya soda kushikilia mapigo. Mukabi alifariki mwaka 1963. Mimi sikumwona, lakini mzee aliyenifundisha karibu na Butere alikuwa amemsikia akipiga, na kila alipotaka kunirekebisha alianza kwa kusema, "Mukabi hakufanya hivyo, kijana wangu."

Nilimfikia mzee huyo nikiwa nasoma nota vizuri na nikitumia vidole vinne vya mkono wa kulia, kama nilivyofunzwa shuleni. Alinisikiliza kimya. Kisha akachana kitambaa, akanifunga pamoja kidole cha kati, cha pete na cha mwisho, akanirudishia gitaa. Nilipiga hivyo kwa wiki tatu.

Sababu ya kitambaa kile niliielewa baadaye. Ukiwa na vidole vinne, kila uzi unapata kidole chake na mkono wote unatulia mahali pamoja. Ukiwa na viwili, mkono hauna budi kucheza. Gumba linashuka kuelekea sakafuni, shahada inapanda kukuelekea wewe. Shuka, panda, shuka, panda. Mwendo huo wa kifundo cha mkono ndio unaozaa mapigo, nao hauandikiki kwenye nota.

Umewahi kuwaona wanawake wawili wakitwanga kwenye kinu kimoja? Mchi wa huyu ukishuka, wa yule unapanda. Hawagongani, kwa sababu kila mmoja anaijua zamu yake hata akiwa anapiga soga. Nawe uliye nje ya boma husikii mchi wa huyu na mchi wa yule, unasikia mtwango mmoja. Hivyo ndivyo gumba na shahada vinavyofanya kazi, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanadhani gumba ni la kusindikiza na shahada ndiyo inayoimba, basi wanalikaza gumba liende kama saa ya ukutani na kuiwekea shahada sauti yote. Sikiliza tena santuri. Wimbo unazaliwa kati ya vidole viwili: nusu ya maneno yake iko kwenye besi, zile nyuzi nene za gumba. Uzi wa tatu, ulio mpakani, huguswa na vyote viwili, leo na huyu, kesho na yule, kutegemea nani yuko karibu.

Twende kwenye gitaa lenyewe. Shika kodi (mkusanyiko wa sauti, "chord") ya C ya kawaida. Uzi wa kwanza ni ule mwembamba wa chini. Gumba lipige uzi wa tano, kisha wa nne, kisha wa tano, kisha wa nne, na mguu ukanyage pamoja nalo. Usiongeze kitu. Najua inachosha. Mimi huwaachia wanafunzi wangu siku nne au tano za hilo tu, dakika kumi asubuhi na kumi jioni, na anayeruka hatua hii hurudi kwangu baada ya mwezi na gumba linalosimama kila shahada inapoingia.

Sasa gawa mapigo manne ya gumba mara mbili, uhesabu hadi nane. Gumba liko kwenye moja, tatu, tano na saba. Shahada iingie kwenye moja, nne na saba, kwenye uzi wa kwanza au wa pili. Kwenye moja na saba vidole vinabana nyuzi kwa pamoja, kama unayeokota punje ya mchele. Kwenye nne shahada iko peke yake, gumba liko hewani. Hiyo nne ndiyo roho ya zoezi. Mara ya kwanza gumba litataka kuifuata shahada, nawe utaona mguu wako umepoteza njia. Punguza mwendo mpaka iwe kama unatembea na mtoto mdogo. Hesabu hiyo ya tatu, tatu, mbili utaikuta pia kwenye rumba, kwa hiyo masikio yako yanaifahamu tayari. Kinachosumbua ni mkono.

Wanaojifunza kwa video za intaneti hunijia wakiwa wamelaza kiganja juu ya besi kuzima mlio. Hiyo ni njia ya mpiga gitaa Merle Travis wa Kentucky, Marekani, ambaye naye alipiga kwa gumba na shahada, tena kwa ustadi mkubwa. Kwa muziki wa huku mimi nainua kiganja. Besi inasema neno. Ukiifunika mdomo, wimbo unabaki na upande mmoja.

Gitaa lisikutie wasiwasi. La nyuzi za chuma linatosha, mradi nyuzi zisiwe mbali sana na shingo. Kama huna kapo, yaani kibanio cha nyuzi shingoni mwa gitaa, funga penseli kwa mpira juu ya nyuzi kama wazee walivyofanya. Ukucha wa shahada uache urefu kidogo tu, upate makali.

Mzee wangu hakuwa na kipimo kingine ila salamu. Nikiwa katikati ya zoezi angeniuliza habari za nyumbani, za shamba, za ng'ombe, nami nilipaswa kumjibu kwa heshima zote bila gumba kuyumba. Nikiyumba, tulianza upya. Siku nilipomjibu mpaka habari za mavuno bila kupoteza hesabu, alinyanyuka, akanifungua kitambaa, akaniambia nihamie kodi ya F.