Je, wajua? Mnato ndio unaouvuruga upepo juu ya bamba laini

Asali humiminika kwa utulivu, maji huruka na kuchafuka. Kutokana na hilo wengi, wakiwamo wahandisi wenye vyeti vyao, huamini kwamba mnato, yaani ule uzito wa asali, maji au hewa unaokinza kutiririka, una kazi moja tu: kutuliza. Upepo ukivurugika juu ya bawa la ndege, husema, ni kwa kuwa mnato wa hewa ni mdogo mno kuuzuia.

Kwenye tabaka la mpaka, yaani utando mwembamba wa hewa unaopunguzwa kasi kwa kupita karibu na bamba, mambo ni kinyume. Uondoe mnato wote, ubakishe mpangilio uleule wa kasi, na mawimbi madogo yanayoanzisha vurugu hayakui tena. (Moshi wa udi unaopanda kisha ukajikunja si mfano wa jambo hili. Mkondo usio na ukuta huweza kuvurugika hata bila mnato.)

Wimbi likisafiri ndani ya tabaka, hewa hupanda na kushuka, na papo hapo huenda mbele na nyuma. Wimbi hupata chakula pale hewa inayopanda inapokuwa ile ya polepole ya chini, na inayoshuka ile ya kasi ya juu. Bila mnato, mienendo hiyo miwili hupishana kwa robo ya mzunguko kamili. Ni kama kusukuma bembea kwa nguvu zaidi pale inapofika mwisho wa safari yake: unachoipa ikienda, unaipokonya ikirudi. Jasho litakutoka, bembea haitapanda. Sasa mnato unaingia. Hewa inayogusa bamba hairuhusiwi kuteleza, lazima isimame, na sharti hilo huuwahisha au kuuchelewesha kidogo ule mwendo wa mbele na nyuma. Msukumaji amebadili mdundo nukta moja tu, na kila mzunguko unabaki na chenji. Chenji hiyo inatoka kwenye upepo wenyewe.

Mnato huohuo pia hula nguvu ya wimbi kwa msuguano, kwa hiyo ni mawimbi ya urefu fulani tu yanayokua, mengine hufa.

Mwanasayansi Tollmien alilipigia hesabu jambo hili Ujerumani mwaka 1929, mwenzake Schlichting akaliendeleza 1933. Wengi hawakuamini, maana hakuna aliyekuwa ameyaona mawimbi hayo. Kasoro ilikuwa kwenye mahandaki ya upepo, yaani njia za majaribio ambamo hewa hupulizwa: hewa yake ilikuwa na misukosuko mingi kiasi cha kuyafunika. Watafiti Schubauer na Skramstad, Washington, waliituliza hewa hadi misukosuko ikabaki chini ya asilimia 0.1 ya kasi, wakatetemesha utepe mwembamba wa metali karibu na bamba kwa umeme na sumaku, na mawimbi yakajitokeza kama yalivyohesabiwa. Matokeo yalichapishwa wazi 1947.

Kwa vipimo: chukua kasi (mita kwa sekunde) mara umbali (mita) kutoka ukingo wa mbele wa bamba, gawanya kwa 0.000015 (kipimo cha mnato wa hewa ya nyuzi 20). Jibu ndilo huonyesha mawimbi na vurugu vitaanzia wapi. Upepo ukienda mita 30 kwa sekunde, wimbi la kwanza huweza kukua kuanzia sentimita 4.5 hivi (jibu 90,000). Vurugu yenyewe kwa kawaida huja kwenye sentimita 25 hivi (jibu 500,000), ambapo tabaka lina unene wa milimita 1.8, ingawa kwenye handaki tulivu sana huweza kusubiri hadi mita 1.5. Mdudu aliyegandia ukingoni huharibu hesabu yote.

Mtikisiko wa wimbi ukifikia takriban asilimia 1 ya kasi ya upepo, mfano wa bembea hautoshi tena kulieleza. Mstari wake ulionyooka hujipinda, vilele vinavutwa mbele kama pini za nywele, kisha panazuka mabaka ya vurugu. Misukosuko ya upepo ikizidi asilimia 1, kwa kawaida hatua ya mawimbi hurukwa kabisa na michirizi mirefu ya hewa ya kasi na ya polepole huchukua nafasi yake. Hapo nadharia ya Tollmien haisemi mengi. Baka likishazuka, mbele yake hukimbia kwa karibu asilimia 90 ya kasi ya upepo na nyuma kwa asilimia 50 hivi, kwa hiyo hurefuka njiani hadi lishikane na wenzake.