Afande akirudi uraiani, tumpime nini?

Karatasi ya rufaa inayomtangulia mwanajeshi mstaafu ofisini kwangu mara nyingi huwa na mstari mmoja tu: achunguzwe kama ana kiwewe cha vita. Aliyeuandika hajakosea. Kiwewe kipo, kinaumiza, na tuna vipimo vizuri vya kukibaini. Lakini wengi wanaoketi mbele yangu hawasumbuliwi zaidi na yaliyotokea vitani. Kinachowasumbua ni yaliyofuata baada ya kurudisha vifaa stoo, kusaini na kutoka getini wakiwa raia. Ukimpima mtu kiwewe peke yake unaweza kumwambia yuko salama, kumbe ndoa inayumba, chupa zinaongezeka na yeye mwenyewe anazidi kujifungia ndani.

Vipimo vya kawaida ninavitumia, tena bila kuruka. Dodoso la PCL-5 la kiwewe lina maswali 20, kila moja hujibiwa kwa alama 0 hadi 4, na anayefikisha alama 31 hadi 33 au zaidi, kati ya 80, hufanyiwa uchunguzi wa kina. PHQ-9 ni ya sonona, mwisho wake ni 27, na kuanzia 10 tunashtuka. AUDIT ya Shirika la Afya Duniani ni ya pombe, na alama 8 kwenda juu ni dalili ya unywaji wenye madhara. Vyote vitatu vinatafuta ugonjwa. Hakuna hata kimoja kinachomuuliza mtu maisha yake yamesimama juu ya nini tangu alipovua sare.

Nchi iliyolifanyia kazi swali hilo kwa undani ni Australia, na imefika huko kwa uchungu. Mwaka 2021 iliundwa Tume ya Kifalme kuchunguza vifo vya kujiua miongoni mwa wanajeshi na wastaafu wa jeshi, na ripoti yake ya mwisho ikatoka Septemba 2024 ikiwa na mapendekezo 122. Kati ya 1997 na 2021, watu wasiopungua 1,677 waliokuwa jeshini au waliowahi kulitumikia walijiua. Nikisoma takwimu hizo huwa nasimama pale wanapotenganishwa walio kazini na waliotoka. Mwanamume aliye ndani ya jeshi la kudumu yumo katika hatari ndogo ya kujiua kuliko raia wenzake. Waliokwisha kutoka, hatari yao inawapita raia, na kwa wanawake waliotoka ni kama maradufu ya wanawake raia. Walioondolewa kwa sababu za kiafya wako pabaya zaidi kuliko walioondoka kwa hiari. Ndiyo maana swali langu la kwanza siku hizi si mtu alipigana wapi. Namuuliza aliondokaje: kwa umri, kwa mkataba kuisha, kwa ugonjwa, au kwa kuachishwa.

Mwaka 2020 mtafiti Madeline Romaniuk na wenzake wa Gallipoli Medical Research Foundation, mjini Brisbane, Australia, walichapisha dodoso linaloitwa M-CARM, la kupima jinsi mtu anavyozoea uraia baada ya kutoka jeshini. Lina maswali 21 yaliyogawanyika katika maeneo matano: kuwa na lengo na watu wa kushikamana nao, utayari wa kuomba msaada, mtazamo juu ya raia, kinyongo na majuto, na mazoea ya kuishi kwa amri na ratiba. Marekani walikuwa wametangulia na dodoso la M2C-Q la mtafiti Nina Sayer na wenzake, lililochapishwa 2011, lenye maswali 16 kuhusu ugumu alioupata mtu ndani ya siku 30 zilizopita katika ndoa, kazi, urafiki na kujitunza. Lile la Marekani hunionyesha panapouma. Hili la Australia hunisaidia kufahamu kwa nini panauma, na ndiyo sababu nalipenda.

Hata hivyo siwapi watu karatasi mwanzoni. Kwanza namwomba mtu anisimulie siku ya jana, tangu alipofumbua macho. Sajenti mmoja mstaafu (nimechanganya habari za watu kadhaa ili asitambulike yeyote) alinieleza hivi: saa kumi na moja alfajiri alikuwa ameshatandika kitanda, amenyoa ndevu na kupiga viatu rangi. Saa kumi na mbili uwanja ulikuwa umefagiwa. Hapo akanyamaza.

"Na baada ya hapo, afande?"

"Baada ya hapo nilikaa, daktari."

Alikaa mpaka magharibi. Viatu alivyovipiga rangi hakuvivaa kwenda popote. Alama zake za kiwewe zilikuwa za chini kabisa, usingizi si mbaya, pombe hagusi. Kwa vipimo vya kawaida ningemruhusu aende zake. Lakini katika yale maeneo matano picha ilikuwa wazi: ratiba ya jeshi ilibaki nzima na kazi iliyokuwa ikiipa maana haikuwepo tena. Kikosini, mtu huamka saa kumi na moja kwa sababu kuna paredi, kuna zamu, kuna mwenzake anayemtegemea lindoni. Nyumbani saa ile ile inamwamsha na hakuna anayemngoja.

Mkewe aliniongezea jambo ambalo sajenti mwenyewe asingelisema. "Baba watoto hagombani na mtu, daktari. Ila nyumba nzima tunanyata." Watoto walikuwa wakikaguliwa sare za shule kwa mstari kabla ya chai. Kijana wa kidato cha tatu alikuwa amehamia kwa mjomba wake. Sajenti mwenyewe alipoulizwa alisema watoto wana nidhamu nzuri. Wote wawili walisema kweli, na ndiyo maana sifungi tathmini kabla ya kusikia upande wa nyumbani.

Eneo la mtazamo juu ya raia linahitaji uangalifu mkubwa hapa kwetu. Mstaafu anayesema raia ni waongo, hawana msimamo na hawashiki saa, kwenye dodoso ataonekana ana tatizo la kuzoea. Lakini muulize kiinua mgongo chake kilikwenda wapi. Nimesikia mara nyingi mno habari ya gari la biashara lililonunuliwa kwa ushauri wa ndugu na likaishia gereji, au kiwanja kilichouzwa kwa watu wawili. Mtu aliyetapeliwa akisema ametapeliwa hajaugua. Ninachotafuta ni kama ameitoa hukumu ile kwa mmoja akawapa wote: jirani, fundi, imamu au mchungaji, hadi shemeji anayemletea uji. Hapo ndipo upweke unapoanza kumla.

Kinyongo na majuto nalo ni eneo zito, na maswali ya karatasini hayalifikii chini. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani ya Semuliki, Kivu Kaskazini nchini Kongo, ilishambuliwa na wanajeshi wa Tanzania wasiopungua 14 wakauawa. Anayetoka kwenye tukio la namna hiyo akiwa hai anaweza asiogope milio wala asiote ndoto mbaya, lakini akabaki na swali la kwa nini yeye. Mwingine hana kisa chochote cha risasi. Anacho cheo alichostahili hakukipata, au mazishi ya mama yake yaliyompita akiwa misheni. Wako pia wanaoukumbuka mpambano kwa hamu, na hilo huwatia aibu kubwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, waliofanya kazi na wapiganaji wa zamani Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo, wameeleza kwamba ukatili unaweza kumpa mpiganaji msisimko, na kwamba mvuto huo unatakiwa kushughulikiwa sambamba na kiwewe. Mimi huuliza kwa sauti ile ile niliyoulizia usingizi. Mshauri akikunja uso, habari imeishia hapo.

Kuhusu kuomba msaada, jibu la "niko imara" halinitoshi. Nauliza: mambo yako yakiharibika wiki hii, nani atakuwa wa kwanza kujua? Asiye na jina la kutaja namwekea miadi ya karibu, hata kama alama zake zote ni nzuri.

Halafu kuna masikio. Naomba washauri nasaha wenzangu walizingatie hili, kwa sababu linapotosha tathmini nyingi. Mtu aliyeishi miaka na milio ya bunduki na mizinga mara nyingi ana upungufu wa kusikia, au mvumo usiokoma masikioni. Kwenye kikao cha ukoo wanaongea watu wanne kwa mpigo, yeye hashiki kitu, anaondoka mapema. Ndugu wanasema anajitenga. Dodoso nalo linasema hivyo hivyo. Apimwe masikio kwanza. Na kama aliwahi kurushwa na mlipuko au kupoteza fahamu, hasira za ghafla na usahaulifu vinaweza kutokana na jeraha la kichwa, kwa hiyo anatakiwa kuonwa na daktari wa mishipa ya fahamu kabla sijaanza kuzungumza habari za kuzoea uraia.

Je, tulichukue dodoso la Australia kama lilivyo? Mimi nasema tuchukue maeneo yake matano na tuache viwango vyake vya alama huko vilikotengenezwa. Wastaafu waliolijaza wanarudi kwenye nyumba ya mke na watoto, na wana idara ya serikali inayoshughulikia wastaafu wa jeshi. Wa kwetu anarudi kwenye ukoo unaomwona kama tajiri mpya, anatarajiwa kusimamia kesi za shamba na ada za wapwa, na kwa mkupuo mmoja anakuwa mzee wa familia ambayo hakuishi nayo. Hilo ni eneo la sita ambalo dodoso halina: madai ya ukoo. Nimeliongeza kwenye mahojiano yangu, na mara nyingi ndipo mazungumzo yanapochangamka. Alama za kulinganisha watu wetu wao kwa wao zitapatikana siku dodoso litakapojaribiwa kwa wastaafu wa hapa, kwa Kiswahili chao. Kwa sasa majibu hunisaidia kuongoza mazungumzo na kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe wa miezi iliyopita.

Jambo jingine linaloharibu majibu ni hofu ya taarifa kufika kikosini au kugusa pensheni. Kabla ya swali lolote namweleza mteja nani ataona majibu yake na nani hatayaona, kwa maandishi, na namwachia nakala. Bila hilo anajibu kama yuko mbele ya bodi ya afya ya jeshi, na kila kitu kinakuwa shwari.

Habari ya kujiua nauliza waziwazi, kwa maneno yenyewe. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo; kwa wengi kunampa nafasi ya kutua mzigo. Akikubali kwamba wazo limemjia, nauliza kama ana mpango, na kama kuna silaha, sumu ya shambani au akiba kubwa ya dawa ndani ya nyumba. Vitu hivyo viondolewe siku hiyo hiyo na mtu anayemwamini, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali. Familia zisisubiri miadi yangu.

Kama ningekuwa na uwezo wa kupanga, tathmini ya kwanza ingefanyika mtu akiwa bado na sare, miezi kadhaa kabla ya kutoka, ili tujue aendako kuna nini. Ya pili ifanyike baada ya miezi sita. Mwezi wa kwanza hauna maana sana kwa kipimo: wageni wanamiminika, kuku wanachinjwa, fedha zipo, na karibu kila mtu anapata alama nzuri. Ya tatu iwe mwaka mmoja hadi miwili baadaye, wakati wageni wameshapungua na kiinua mgongo kimeshaonyesha kilikokwenda. Na kwenye ile ya pili naomba mke au mume aje naye, aingie kwanza peke yake, ndipo tukae wote watatu.