Mji uliopangwa ni upi, na mpango wake hutunzwa na nani?

Tangazo la viwanja siku hizi halikosi mambo mawili: vimepimwa, na vina hati. Mnunuzi akisikia hivyo anaamini anahamia kwenye mji uliopangwa. Si lazima iwe hivyo. Mpima ardhi kazi yake ni kusimika bikoni na kuonyesha mipaka, ili kila mtu ajue chake kinaishia wapi. Shamba la ekari mia linaweza kupimwa likatoa viwanja mia tatu safi, kila kimoja na namba yake, na pasibaki hata mahali pa kujenga zahanati. Kupanga kunatakiwa kutangulie. Hapo ndipo inaamuliwa ni watu wangapi wataishi pale, watoto watasoma wapi, maji ya mvua yaelekee wapi, soko likae upande gani, na ni sehemu ipi isijengwe kabisa.

Kwa hiyo mji uliopangwa ni makazi ambayo maswali hayo yamejibiwa kabla ya nyumba ya kwanza kuinuka, na majibu yakawekwa kwenye maandishi yenye nguvu ya sheria. Tanzania majibu hayo hukaa katika mpango kabambe wa mji mzima, kisha katika michoro ya mipangomiji ya eneo mojamoja, chini ya Sheria ya Mipangomiji ya 2007. Mpango kabambe unatazama miaka ishirini mbele au zaidi. Mchoro unashuka hadi kwenye kiwanja: hiki cha nyumba, hiki cha shule, hiki eneo la wazi.

Mipango mingi ya aina hii imekopa wazo moja lililoenea kutoka Marekani. Mwaka 1929 Clarence Perry alieleza mtaa kama kipande cha mji chenye shule ya msingi katikati, ambayo mtoto anaifikia kwa miguu bila kuvuka barabara kubwa. Barabara yenye magari mengi inazunguka mtaa, haiupasui. Mwaka huohuo Radburn, katika jimbo la New Jersey, ilianza kupokea wakazi: nyumba zinatazama bustani ya pamoja, na njia ya waenda kwa miguu inapita chini ya barabara. Macklin Hancock wa Kanada alilitumia wazo hilo miaka ya 1950 kuchora Don Mills, kitongoji kipya cha Toronto. Kampuni yake, Project Planning Associates, ndiyo baadaye iliyopewa kazi ya kuchora Dodoma.

Kabla ya kufika Dodoma, nipitie Reston, jimbo la Virginia, kwa sababu kule ndiko inakoonekana vizuri zaidi nini humpata mpango baada ya wachoraji kuondoka.

Mwaka 1961 Robert E. Simon, ambaye familia yake ilikuwa ikimiliki ukumbi wa muziki wa Carnegie Hall, alinunua takriban ekari 6,750 za mashamba na misitu nje ya Washington. Jina la mji limeanza na herufi za majina yake mwenyewe; unyenyekevu haukuwa sehemu ya mpango. Lakini malengo aliyoyaandika yalikuwa ya kusifiwa. Mtu aweze kuishi hapohapo maisha yake yote, akihama nyumba kadiri familia inavyokua na kupungua, bila kuwahama majirani. Kazi, burudani na makazi vikae karibu. Na jambo lililokuwa zito kwa Virginia ya 1964: nyumba ziuzwe kwa yeyote, mweusi au mweupe, miaka minne kabla sheria ya nchi haijapiga marufuku ubaguzi katika uuzaji wa nyumba.

Wachoraji walikuwa Whittlesey, Conklin na Rossant. Mtaa wao wa kwanza, Lake Anne, walianza kwa kutengeneza ziwa, kisha wakajenga uwanja wa mawe na matofali ukingoni mwake. Chini ni maduka, juu yake nyumba za kuishi, kando jengo moja refu la ghorofa. Magari yanaishia nyuma, kwa hiyo anayetoka kwake kwenda kununua dawa lazima apite uwanjani kwa miguu, na hapo atawakuta wenzake. Ndivyo wapangaji wanavyojaribu kujenga ujirani. Hawawezi kumlazimisha mtu ampende jirani, ila wanaweza kupanga mambo ili wawili hao wakutane kila siku.

Biashara ilikwenda vibaya. Nyumba zilinunuliwa polepole mno, na mwaka 1967 Gulf Oil, mkopeshaji wake, ilimwondoa Simon. Kwa kawaida hapo ndipo mji wa ndoto unapogeuka kuwa viwanja vya kawaida. Reston haikugeuka, na sababu yake haina mvuto wowote: makaratasi. Mwaka 1962 kaunti ya Fairfax ilikuwa imepitisha kanuni mpya ya matumizi ya ardhi iliyoruhusu mji mzima kupangwa kama kitu kimoja. Hati ya kila nyumba ilibeba masharti yanayomfunga mnunuzi, na atakayemuuzia, na atakayefuata. Na kulikuwa na chama cha wamiliki ambacho hadi leo kinatoza kila nyumba ada ya mwaka, kinatunza njia, misitu na maziwa, na kina bodi inayoweza kumzuia mtu kubadilisha sura ya nyumba yake bila idhini. Ni kero kweli, na wakazi wanailalamikia. Lakini bila ada hiyo nani angefyeka njia?

Mtihani mkubwa ulikuja nusu karne baadaye. Mwaka 2012 mmiliki wa uwanja mmoja wa gofu alitaka ijulikane kama anaweza kujenga nyumba pale. Kaunti ikasema ramani inauonyesha kama eneo la wazi. Suala likaenda kwenye bodi ya rufaa, likafika mahakamani. Wakazi walichanga fedha za mawakili na kujazana kwenye vikao wakiwa wamevaa fulana za rangi moja. Uwanja ulibaki wazi. Wengi wao hawachezi gofu. Walitetea rangi ya kijani kwenye ramani iliyochorwa kabla baadhi yao hawajazaliwa. Simon mwenyewe alikuwa amerudi kuishi Lake Anne mwaka 1993, na alifariki huko mwaka 2015 akiwa na umri wa miaka 101.

Sasa Dodoma. TANU iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu huko, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa. Mpango kabambe wa akina Hancock ulitoka mwaka 1976. Wazo la mtaa lilikuwemo, ila safari hii lilivaa nguo za nyumbani: ngazi ya chini kabisa ya makazi ilipangwa kufuata nyumba kumi, shina la chama lenye balozi wake. Barabara za mabasi na njia za miguu zilipewa nafasi kuliko magari binafsi, jambo la busara kwa nchi ambayo wachache sana walikuwa na gari. Miaka ya 1980 James Rossant, yuleyule wa Reston, akachora eneo la serikali katikati ya mji.

Fedha hazikutosha, na wizara zilibaki Dar es Salaam kwa miongo mingi. Lakini ukosefu wa fedha si hadithi yote. CDA ilikuwa mwenye ardhi, mpangaji wa mji, mpimaji, muuzaji na mbomoaji, vyote kwa mkupuo. Ilimpa mwananchi umiliki wa miaka 33, wakati kwingineko nchini watu walipata hati za miaka 99. Mkazi alikuwa mpangaji wa mamlaka, na mamlaka haikuwa na diwani wa kumwajibisha. Mei 2017 Rais Magufuli aliivunja, kazi zake zikaenda kwa manispaa, na umiliki ukabadilishwa uwe wa miaka 99. Wengi walishangilia, na mtu aliyewahi kubomolewa hawezi kulaumiwa kwa kushangilia. Mimi naona mamlaka hiyo iliacha pia barabara pana na akiba ya ardhi ambayo miji yetu mingi ingeitamani. Ilichokosa ni wakazi wenye sababu ya kuutetea mpango kama wao.

Tangu serikali ihamie kweli, mji umekimbia: sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956, ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Mji wa Serikali umejengwa Mtumba, nje ya mji kwenye barabara ya Dar es Salaam, si pale alipochora Rossant. Hilo lenyewe si kosa. Mpango wa muda mrefu unapitiwa upya, na Dodoma ina mpango kabambe mpya wa 2019 hadi 2039. Kosa ni kubadilisha kimyakimya, kiwanja kwa kiwanja. Buruburu ya Nairobi, iliyojengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, ilibadilika hivyo: chumba cha nyongeza hapa, duka mbele ya uzio pale, hadi nafasi kati ya nyumba ikaisha.

Kwa hiyo anayenunua kiwanja asiishie kuuliza kama kimepimwa. Aende ofisi ya mipangomiji ya halmashauri akaombe kuona mchoro ulioidhinishwa, atazame viwanja vinavyokizunguka na si chake tu, kisha aulize mambo matatu: eneo la wazi lililochorwa pale liko chini ya jina la nani, nani analipa likisafishwa, na mtu akiomba kulibadilisha matumizi, tangazo litabandikwa wapi ili majirani walione kabla muda wa pingamizi haujaisha.