Radi, Mvua Kubwa na Baridi Katikati ya Majira ya Joto: Jinsi ya Kuusoma Utabiri wa Siku Tatu

Joto la kufukuta, lile ambalo jasho halikauki mwilini, mara nyingi hutangulia mabadiliko ya hali ya hewa. Hewa ya chini imejaa mvuke. Hewa baridi ikiingia chini yake kama kabari, mvuke huinuliwa, hugeuka matone na kutoa joto ambalo huzidi kulisukuma wingu juu. Ndani ya saa moja hivi wingu dogo laweza kufika kimo cha kilomita 10 na zaidi, kisha likashusha radi, mvua kubwa na pengine mvua ya mawe.

Utabiri wa saa 12 hadi 72 huonyesha vizuri eneo pana litakalofikiwa na hewa hiyo baridi, lakini hauwezi kutaja mtaa. Wingu moja la radi lina upana wa kilomita chache tu. Kijiji kimoja kitapata milimita 40 na cha jirani kisipate hata tone. Ukisoma "uwezekano wa mvua asilimia 60", elewa kwamba katika siku 10 zenye hali kama hiyo, mvua hunyesha mahali hapo siku 6. Asilimia haisemi itanyesha kiasi gani. Wengi hukosea hapo: wanaona 30, wanapuuza, kumbe mvua yenyewe ikija ni ya kuzoa udongo.

Kwa hiyo tafuta milimita, na zaidi ya hapo, zitanyesha kwa saa ngapi. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, hivyo milimita 50 juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 5,000. Zikigawanyika kutwa nzima, ardhi hunywa sehemu kubwa. Zikishuka kwa saa moja, mitaro hushindwa. Hali huwa mbaya zaidi upepo wa juu ukiwa dhaifu, maana wingu hukaa palepale, au mawingu yakifuatana njia moja. Zibua mitaro na mabomba ya paa kabla ya mvua kuanza. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinaweza kulibeba gari dogo. Usivuke.

Ukisikia ngurumo, tayari radi inaweza kukufikia. Ingia kwenye jengo imara au gari lenye bodi na paa la chuma; chini ya mti au kibanda kilicho wazi hapafai. Subiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, hata kama jua limetoka.

Baridi inayofuata hushangaza wengi. Hewa ni mpya, wingu limezuia jua, na matone yanayogeuka mvuke hunyonya joto la hewa; nyuzijoto zinaweza kushuka kwa 10 au zaidi. Mzunguko wa hewa baridi ukijitenga huko juu angani na kutulia, ubaridi hudumu siku kadhaa. Nguo zilizolowa pamoja na upepo huweza kuushusha mno joto la mwili hata kabla baridi haijawa kali, hasa kwa watoto na wazee: zivuliwe mara moja, mtu akaushwe na kufunikwa.

Asubuhi ya siku yenyewe, soma utabiri upya. Kwa saa zisizozidi 6 zijazo, picha za rada zinaaminika kuliko utabiri wa juzi.